Mtoto wa upasuaji naye apewe kifua cha mama yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Katibu Mkuu, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, na Waganga Wafawidhi wa hospitali zote zinazofanya upasuaji wa uzazi.

YAH: SAA YA KWANZA YA MTOTO ALIYEZALIWA KWA UPASUAJI

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto kwa miaka 19, na miaka 8 hii ya mwisho nimewapokea zaidi kwenye chumba cha upasuaji kuliko kwenye kitanda cha leba. Kazi yangu mle ndani haichukui muda. Daktari akishamtoa mtoto, nampokea kwa kitambaa, namkausha, namsikiliza analia, namfunga kitovu, namzungushia khanga ya mama yake, kisha namsogeza karibu na uso wa mama amwone. "Mama, mtoto wa kike huyu, mwangalie." Mama anamtazama, analia au anacheka, halafu naondoka na mtoto. Hapo kwenye kuondoka naye ndipo ilipo barua yangu.

Nianze na usiku mmoja wa mwaka jana. Mama wa uzazi wa kwanza, uchungu tangu asubuhi, njia ikafunguka mpaka sentimita 7 ikagoma, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka. Daktari aliamua upasuaji na aliamua sawasawa. Ganzi ilichomwa mgongoni, kwa hiyo mama alikuwa macho muda wote. Mtoto alilia hata kabla miguu haijatoka. Kilo 3.1, rangi nzuri, hana tatizo lolote. Nilimpeleka chumba cha pembeni nikamlaza chini ya taa ya joto, kwa sababu ndivyo tunavyofanya siku zote, kisha nikaitwa leba, maana zamu ile tulikuwa wakunga wawili na kulikuwa na mama mwingine anasukuma.

Bibi wa mtoto alikuwa koridoni na chupa ya uji. Nilipopita akanishika mkono. "Nesi mwanangu, mjukuu wangu analia kule ndani, hajatia kitu tumboni. Nimtafutie maziwa?" Nikamjibu, "Subiri kidogo mama, tunampeleka kwa mama yake sasa hivi." Hiyo sasa hivi ilikuwa saa mbili na zaidi. Niliporudi, kopo la maziwa lilikuwa limeshanunuliwa duka la dawa la nje ya geti, limeshakorogwa kwenye kikombe cha plastiki kwa maji ya moto ya chupa, na mtoto alikuwa amelala, ameshiba. Mama yake, mita kama 30 kutoka pale, alikuwa wodini amelala chali na matiti yenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, ambayo hakuna aliyeinyonya.

Simlaumu bibi yule. Alisikia mtoto analia akafanya kile ambacho bibi yeyote angefanya. Tuliomtenga mtoto na mama yake ni sisi, na tulimtenga bila sababu ya kitabibu. Ninyi ndio mnaoweza kuubadilisha utaratibu huo, na ndiyo maana nawaandikia.

Naomba nieleze kwa nini saa zile ni nzito kuliko tunavyodhani.

Mtoto akiwa tumboni, utumbo wake karibu hauna bakteria. Anakutana nao kwa wingi siku anayozaliwa, na wanaowahi ndio wanaoshika nafasi. Wakunga tumeona kwa macho jinsi inavyokuwa kwa anayezaliwa njia ya kawaida, ingawa hatukujua tunachokiona. Kichwa kikitoka, mara nyingi uso wa mtoto unakuwa umeelekea chini, upande wa haja kubwa ya mama. Na mama akisukuma kwa nguvu zake zote, choo kidogo hutoka. Kila mkunga anajua. Tulikuwa tunafuta haraka haraka, tukimstahi mama asijue. Kumbe pale pale, katika ile hali tunayoionea haya, mtoto anapokea kwa mama yake mbegu ya jamii nzima ya bakteria watakaoishi naye.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba bakteria hao wanatoka ukeni. Utafiti uliotajwa sana ni ule wa 2010, uliofanyika Puerto Ayacucho, Venezuela, kwa akina mama 9 na watoto wao 10. Watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida walikutwa na bakteria wanaofanana na wa njia ya uzazi ya mama, na wa upasuaji wakakutwa na wale wanaoishi kwenye ngozi. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini ndio uliofanya watu wengi waanze kuuliza. Jibu pana zaidi lilitoka Uingereza mwaka 2019, katika utafiti uliochunguza vinyesi vya watoto 596 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi. Ulionyesha kwamba bakteria wa ukeni si wengi kwenye utumbo wa mtoto, awe amezaliwa kwa njia gani. Wanaohamia na kukaa ni wale wa utumbo wa mama. Kwa wengi wa watoto wa upasuaji, kundi la bakteroidi, ambalo ni miongoni mwa wenyeji wakubwa wa utumbo wa binadamu, lilikuwa halipo au lilikuwa dogo mno. Nafasi yao ilikuwa imeshikwa na bakteria wa mazingira ya hospitali: enterokoka, enterobakta, klebsiela.

Klebsiela! Hakuna aliyefanya kazi wodi ya watoto wachanga Afrika asiyelijua jina hilo. Ni miongoni mwa vinara wa maambukizi ya damu yanayoua vichanga wetu, na aina nyingi zake hazisikii tena dawa tulizozizoea. Kuwa naye tumboni si kuumwa, na watoto wale wa Uingereza wengi wao hawakuumwa. Lakini mimi nikisoma kwamba mtoto wa siku nne amebeba tumboni mdudu wa hospitali mahali alipopaswa kubeba bakteria wa mama yake, nafikiria ile taa yetu ya joto, lile godoro la plastiki tunalolifuta kwa kitambaa kimoja usiku kucha, na mikono yangu.

Nisiwatishe akina mama watakaosoma barua hii. Tofauti nyingi kati ya watoto wa njia hizi mbili zilikuwa zimepungua sana walipofika miezi 6 hadi 9, ingawa bakteroidi walichelewa kurudi. Na zile habari za pumu na magonjwa mengine ya kinga zinasimama juu ya takwimu kubwa, kwa mfano ya Denmark iliyofuatilia karibu watoto milioni 2 waliozaliwa kati ya 1977 na 2012, ambako magonjwa hayo yalionekana zaidi kidogo kwa waliozaliwa kwa upasuaji. Kuonekana pamoja si kusababisha. Mama anayefanyiwa upasuaji mara nyingi ana sababu nyingine zinazomgusa mtoto pia. Mama aliyejifungua kwa kisu hajamkosea mwanawe chochote. Aliingia kwenye hatari ili mtoto atoke salama.

Wala siji hapa kuupiga vita upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2021 kwamba mtoto 1 kati ya 5 duniani anazaliwa kwa upasuaji, lakini kusini mwa Sahara ni kama 5 tu kati ya 100. Nchini kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta 6 kati ya 100. Kuna wilaya ambako mama bado anapoteza maisha kwa sababu kisu hakikupatikana, na kuna hospitali za mjini ambako kisu kinapatikana upesi kuliko subira. Yote mawili yanahitaji kazi yenu. Ila vyumba vya upasuaji vinafunguliwa sasa mpaka kwenye vituo vya afya, jambo ambalo nimelishangilia, na kila kimoja kinachofunguliwa kinarithi mazoea yetu. Kikirithi mazoea mabaya leo, itachukua miaka 20 kuyang'oa.

Mazoea yenyewe ndiyo haya. Upasuaji unamnyima mtoto bakteria wa kwanza wa mama yake. Hilo limeshatokea na halina lawama. Kisha sisi, kwa mikono yetu, tunaongeza. Tunamtenga na ngozi ya mama. Tunachelewesha titi. Tunaruhusu kopo liingie. Tunamwogesha mapema, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema asubiri angalau saa 24. Halafu tunampa mama antibiotiki za siku tano au saba ambazo sehemu yake inapita kwenye maziwa.

Kwenye titi naomba nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo pengo linapozibika. Mwaka 1899, huko Paris, daktari Henry Tissier alikuta kwenye vinyesi vya watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la panda, kama herufi Y, ndio tunaowaita leo bifidobakteria. Miaka mingi ikapita kabla haijaeleweka kwa nini wanampenda mtoto anayenyonya. Sababu iko ndani ya maziwa. Ukiacha maji, kitu kilicho kingi zaidi kwenye maziwa ya mama ni sukari ya laktosi, kisha mafuta, na cha tatu ni aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Mama anatumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hakili! Kinakwenda moja kwa moja kuwalisha bifidobakteria. Nao wakishakula wanatoa asidi, na kwenye asidi ile klebsiela na wenzake hawastawi vizuri. Mkunga hahitaji maabara kuliona hili. Funua nepi ya mtoto wa wiki moja anayenyonya tu: choo ni cha njano, chepesi, chenye chembechembe, na harufu yake ina uchachu kidogo kama mtindi. Ya mtoto wa kopo ni nzito na inanuka kama ya mtu mzima. Pua ya mkunga inaujua utumbo wa mtoto kabla ya hadubini.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji ndiye anayelihitaji titi mapema zaidi kuliko wote. Naye ndiye sisi tunayemchelewesha kuliko wote.

Kuhusu dawa, sisemi dozi ile ya kabla ya kuchana iondolewe. Inamkinga mama na ni ya lazima. Nasemea zile zinazofuata. Pale hospitali ya Bugando, Mwanza, wataalamu wetu wenyewe walifanya utafiti kwa wanawake 500 waliofanyiwa upasuaji wa dharura, wakautoa mwaka 2013. Nusu walipewa dozi moja ya jentamaisini na metronidazo kabla ya kisu, nusu wakaendelea kupewa baada ya upasuaji. Maambukizi ya kidonda hayakuwa mengi zaidi kwa waliopata dozi moja. Jawabu hili limetoka kwenye wodi zetu, kwa akina mama wetu, kwenye joto letu na uhaba wetu. Hata hivyo, kila asubuhi naona ndugu wa mgonjwa anatumwa dukani na kikaratasi cha sindano za siku tano, na anakwenda kuuza kuku ili anunue kitu ambacho mama asiye na dalili za maambukizi hakihitaji na ambacho kinavuruga utumbo wa mtoto.

Mtaniambia kwamba mtoto hawezi kubaki kifuani kwa sababu chumba cha upasuaji ni baridi, kwa sababu mama anashonwa, kwa sababu hakuna mtu wa kumwangalia. Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Kilichonibadilisha ni utafiti wa watoto njiti uliotolewa mwaka 2021, ambao Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali zake, pamoja na nyingine za Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kwenye kifua cha mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kama ilivyokuwa desturi. Mama akahamishiwa chumba kile kile cha uangalizi na mwanawe. Kundi lingine lilipata huduma ya kawaida. Ndani ya siku 28, waliofariki walikuwa 12 kati ya 100 kwenye kundi la kifuani, na karibu 16 kati ya 100 kwenye lile lingine. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine kifua. Ikiwa njiti wa kilo moja na nusu yuko salama zaidi kwenye ngozi ya mama kuliko kwenye mashine, mtoto wa kilo 3.1 aliyelia vizuri namtenga kwa sababu gani?

Nimeshajaribu. Tulikuwa na mtaalamu wa usingizi aliyekubali kunisaidia. Alisogeza waya za kipimo cha moyo zikae mabegani na mgongoni mwa mama, akashusha pazia kidogo, akaniambia, "Mlete dada, nitamwangalia mimi huku kichwani." Nilimlaza mtoto kwa kukingama, juu ya matiti, tumbo lake kwenye ngozi ya mama, nikamfunika khanga mbili zilizopashwa joto na kofia kichwani. Alinyamaza. Dakika kama 10 alikuwa anatazama tu. Kisha akaanza kulamba mkono wake, kutikisa kichwa, kusukuma kwa miguu kwenye ubavu wa mama, pole pole, mpaka mdomo ukagusa chuchu akaikosa, akarudi, akaikosa tena, akaikamata. Daktari alikuwa bado anashona. Mama akauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kumwamsha mtu, "Ananyonya kweli?" Kwenye chumba chote kile hakuna aliyeongea kwa muda. Joto la mtoto nilipolipima lilikuwa 36.8.

Nililoliona siku ile lilitegemea hisani ya mtu mmoja. Akiwa likizo, halitokei.

Ninachoomba ni waraka. Useme kwamba mama akiwa macho na mtoto akiwa amelia, mtoto anawekwa kifuani ndani ya chumba cha upasuaji na anahama na mama yake kwenda wodini kwenye kitanda kile kile, na kama mama amepigwa nusu kaputi au hali yake ni mbaya, mtoto anawekwa kifuani kwa baba au bibi mpaka mama aamke, na titi ndilo la kwanza kuingia mdomoni. Useme wazi kwamba antibiotiki baada ya upasuaji zinaandikwa pale tu penye sababu, na sababu iandikwe kwenye faili. Useme kwamba kopo halifunguliwi wodini bila daktari kuandika. Kanuni za nchi kuhusu maziwa ya kopo zipo, hazisomwi tu. Na mama mwenye VVU anayetumia dawa zake asiachwe nje ya haya, kwa maana naye tunamshauri kunyonyesha.

Lakini waraka bila mtu ni karatasi. Kwenye chumba cha upasuaji anahitajika mkunga mmoja ambaye kazi yake ni mama na mtoto hawa wawili kwa saa moja na nusu, asiitwe leba. Najua ikama, yaani idadi ya watumishi, ilivyo. Najua pia kwamba saa mbili za mtoto chini ya taa tunazilipia baadaye kwa wiki mbili za sindano kwenye wodi ya vichanga, na wodi ile nayo ina wauguzi. Kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, watoto wa upasuaji wahesabiwe peke yao: saa aliyozaliwa, saa aliyowekwa kifuani, saa aliyonyonya mara ya kwanza. Mkianza kutuuliza namba hizo kwenye vikao vya robo mwaka, mtashangaa zitakavyobadilika.

Jambo la mwisho ni la hatari, nalo linahitaji sauti yenu mapema. Mama mmoja alikuja kliniki na video kwenye simu, anaomba akishafanyiwa upasuaji mtoto apakwe majimaji ya ukeni kwa kitambaa, ili "apate bakteria". Jambo hilo lilijaribiwa kwa watoto 4 katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, na akina mama wale walikuwa wamepimwa kwanza. Helsinki walikwenda mbali zaidi: mwaka 2020 walitoa matokeo ya kuwapa watoto 7 wa upasuaji kiasi kidogo mno cha kinyesi cha mama kilichochanganywa na maziwa, na bakteria wao wakafanana na wa watoto wa njia ya kawaida. Kwa ajili ya hao 7 walijitokeza akina mama 17. 10 hawakupita kwenye vipimo. Huko ni Finland, penye maabara za kila aina. Kwetu, penye kaswende, klamidia, malengelenge na VVU, mtu akijaribu nyumbani tutazika mtoto. Toeni katazo sasa, kabla halijatokea, na mlitoe kwa lugha ya kliniki ya wajawazito. Mwambieni mama kwamba kitu salama cha kumpa mwanawe anacho tayari: ngozi yake na dang'a yake.

Mimi nitaendelea kumwomba mtaalamu wa usingizi wa kila zamu, mmoja mmoja. Jumatano usiku nina zamu, na kwenye orodha kuna mama wawili waliopangiwa upasuaji. Khanga zao nimeshawaambia walete nne nne.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkunga muuguzi, wodi ya wazazi